Mtori wa Mke Mwenza

Nguruwe wa Theopista alikuwa anakula chakula cha moto kabla ya baba mwenye nyumba, na habari hiyo ilijulikana kutoka kanisani mpaka kilabuni. Si kwamba Theopista hakumpenda mumewe. Ilikuwa Julai, mwezi ambao huko juu Kibosho ukungu hushuka mpaka mlangoni na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga, na Theopista alikuwa na sababu zake. Julai ya mwaka uliotangulia nguruwe huyo huyo alizaa kwenye baridi, na asubuhi Theopista alipokwenda kuwaangalia watoto aliwakuta wamekakamaa wote. Alilia siku ile, akashikwa na aibu ya kulilia watoto wa nguruwe, kisha akalia tena.

Basi safari hii kila kulipokucha sufuria kubwa ilikuwa mafigani. Ndani yake kulikuwa na maganda ya ndizi, viazi vitamu vidogo visivyouzika, pumba za mahindi, na juu kabisa ndizi mbivu zilizopondwa, ambazo zilikuwa za kumdekeza tu. Theopista alichovya kidole kupima joto, vile vile alivyopima uji wa binti yake Violet alipokuwa mchanga. Nguruwe akisikia mfuniko unafunuliwa alianza kuguna huko bandani, na Theopista alijikuta anaharakisha, moyo umechangamka, ukungu wenyewe ameusahau.

Pumba alizifuata Pasua mjini, dukani kwa Seleman, Mwislamu mpole aliyemwekea gunia zuri kila wiki. Seleman hakuwahi kuuliza pumba zinaliwa na nani. Alisema tu, "Yule ng'ombe wako anaendeleaje, mama?" Na Theopista alijibu, "Ng'ombe hajambo, baba," wakaelewana.

Maganda hayakuwa ya jikoni kwake peke yake. Wanawake wa nyumba zote zilizopakana na mfongo, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya migomba, walileta ya kwao kila asubuhi katika ndoo na vikapu. Mapatano yalikuwa kwamba nguruwe akizaa, kila nyumba iliyolisha itachukua mtoto mmoja jike. Kwa wengine angekuwa mnyama wa kwanza kuitwa wao. Ruth, jirani wa karibu na mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyempa nguruwe jina.

"Mke mwenza ameamkaje?" aliuliza kila alipofika na ndoo yake.

"Ameamka na njaa."

"Na meku, mzee wako Kornel?"

"Naye vile vile. Ila yeye atasubiri."

Walicheka mpaka Kornel, huko sebuleni, akakohoa kwa makusudi.

Kornel alikuwa mtu wa kahawa. Mibuni ile ilipandwa na baba yake, na katika nyumba ile hapakuwahi kuchomwa kuni ya mbuni hata mti uwe umekauka. Ilikuwa mwiko wake mwenyewe. Zamani chama cha ushirika kilimpa dawa ya kupulizia, akalipa wakati wa mavuno. Siku hizi walikuja wanunuzi binafsi na magari mazuri, bei zao zikishuka kila msimu, na dawa ilikuwa dukani, kwa mwenye fedha mkononi. Baridi ikizidi, tunda la kahawa huota doa jeusi na kuanguka. Kornel alikuwa anazunguka shambani kila siku akiokota matunda yaliyoanguka, anayatia mfuko wa koti lake kuukuu la mikutano ya chama.

Jumatano moja alikunywa uji wake, akaweka kikombe chini.

"Jumamosi Primus anakuja."

"Primus yupi?"

"Wa mjini. Mwenye kitimoto pale Njoro."

"Anakuja kufanya nini?"

"Mama Violet, mchinja nguruwe anakuja nyumbani kwa mtu kufanya nini?"

Theopista aliacha kukoroga. "Baba Violet, yule ana mimba. Karibu atazaa."

"Yule ana mafuta. Tumbo lile ni uji wako na ndizi zako. Primus alimwona wiki jana, akasema hajaona nyama kama ile tangu Pasaka. Mimba gani? Wewe ulipokuwa na Violet ulitapika wiki baada ya wiki. Huyu hajakataa chakula hata siku moja."

Violet, aliyekuwa anaosha vyombo, aliinamisha kichwa karibu ndani ya karai ili asionekane anacheka. Mama yake hakucheka.

"Nimewapa watu ahadi."

"Hukuniuliza."

"Na wewe umeniuliza?"

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kwenye kihamba, shamba la urithi la Mchagga, kahawa ni ya baba; ndizi, maziwa na mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ni vya mama, na hilo halihitaji mkutano. Lakini nguruwe aliingia mlimani baadaye, mgawo ukiwa umeshafanyika, na hakuna aliyewahi kukaa chini akaamua ni wa nani. Alipokuwa kijitu kidogo cha kula maganda, alikuwa wa Theopista bila ubishi. Sasa amejaa banda, amekuwa wa nyumba, na wa nyumba maana yake ni wa Kornel.

"Kahawa inakufa, mama Violet," Kornel alisema kwa sauti ya chini. "Nisipopiga dawa wiki hii, mwaka huu hakuna kitu. Unataka nikae niangalie mibuni ya baba inakufa mbele yangu kwa ajili ya maganda ya kina Ruth?"

Theopista alichukua ndoo ya uji na kwenda nayo bandani, akakaa juu ya gogo akamwangalia nguruwe akila. Aliweka kiganja kwenye ubavu wake mpana wenye joto, na chini ya kiganja kitu kikampiga teke. Theopista aliruka kwa furaha, kisha akakumbuka Jumamosi, na furaha ikamgeukia kuwa hasira. Alimwita Kornel aje aguse. Kornel aligusa, akangoja kidogo, mtoto mle ndani akatulia tuli.

"Ni tumbo linaunguruma," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Kwenda kuwaambia wanawake ilikuwa kazi ngumu kuliko kugombana na mume. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila mahali alikuta ndoo ya maganda imeshaandaliwa ya kesho. Ruth tu ndiye aliyesema kitu.

"Kwa hiyo tumemnenepeshea Primus," alisema. Halafu akaona uso wa mwenzake. "Basi, mwenzangu. Lakini hiyo ndoo ya kesho uipokee. Asife na njaa."

Jumamosi ilianza na baridi ya kuuma meno. Theopista alikuwa amepika mbege kwa ajili ya jumuiya iliyokuwa ikutane kwake Jumapili baada ya misa, na kwa kuwa mbege haiumuki kwenye baridi, aliliweka pipa karibu na mafiga, likachemka taratibu kwa joto la majivu. Alimpa nguruwe chakula chake cha mwisho, akazidisha ndizi mbivu, kisha akachukua dumu akaenda mfongoni ili asiwepo gari likifika. Alichelewa kwa makusudi. Aliporudi alimkuta Kornel anatoka nyuma ya nyumba, amevaa lile koti lake la mikutano ya chama, anafuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

"Umetoka bandani?"

"Nimepita tu."

Mfuniko wa pipa ulikuwa umekaa upande. Theopista aliona, akadhani ni Violet, akausahau, maana wakati huo huo pikapu ilikuwa inapiga honi barabarani.

Primus aliteremka na vijana wawili na kamba. Alikuwa na jaketi la ngozi na tumbo la biashara nzuri, na umri wake haukumfikia hata mdogo wa mwisho wa Theopista.

"Shikamoo mzee Kornel."

"Marahaba."

Theopista alisimama pale pale, hatua moja kutoka kwa mumewe, akingoja shikamoo yake. Primus alimrushia ncha ya kamba. "Mama, shika hapo. Ukimwona anakuja upande huo, usikimbie."

Theopista aliishika kamba. Kornel aliona, akatazama migomba.

Walifungua banda. Nguruwe alikuja mlangoni mwenyewe, akasimama, akawatazama watu kwa macho mekundu. Akapiga hatua moja mbele na mbili za pembeni. Akaegemea ukuta, akakaa kitako kama mbwa, mate yakamtoka, akaguna kwa sauti nzito na ndefu, kisha akajilaza chali nusu na kuanza kukoroma.

Primus alirudi nyuma mpaka akagonga mgomba. "Huyu ana homa."

"Homa gani?" Kornel aliuliza haraka.

"Homa ya nguruwe, mzee. Huko Sanya Juu nasikia watu wanafukia mabanda mazima. Wewe unataka niipeleke Njoro niue biashara yangu? Twendeni." Alikuwa ameshaingia garini. Alipofika njia panda alisimamisha gari na kumwambia kila aliyepita, na ukungu haujainuka, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba uji wa moto wa Theopista umeleta ugonjwa.

Walikuja mmoja mmoja wakasimama nje ya uzio wa mimea ya masale, hawaingii. Wengine walikuwa na nguruwe wao nyumbani na nyuso zao hazikuwa za kirafiki. Theopista alipiga magoti kwenye majani ya banda, akaweka kichwa cha mnyama pajani, akamfuta mate kwa ncha ya kanga. Hakujali tena nani anamwona. Ruth peke yake ndiye aliyepita mlangoni, akaja kusimama nyuma yake.

Bwana mifugo, Efraimu, alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwenye haraka, na alianza na habari mbaya kabla hajavua kofia.

"Kama ni homa, ni kuua na kufukia. Huyu hapa, na wote wa nyumba za jirani. Mimi sina uamuzi."

Nje ya uzio mtu akasema, "Nilijua tu. Nguruwe gani anapewa ndizi mbivu?" Mwingine akasema Theopista alijifanya anajua kuliko watu. Theopista alisikia yote, na kila neno lilimwingia. Watu wale wale walileta maganda.

"Hana homa," Kornel alisema.

Efraimu alikuwa anatoa vifaa vyake mfukoni. "Mzee, niachie kazi yangu."

"Nakwambia hana homa. Amelewa."

Efraimu alisimama na kipima joto mkononi. "Amelewa nini?"

"Mbege."

"Nani alimpa mbege?"

Kornel alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa heshima zake, aliyewahi kuwa katibu wa chama, mtu aliyepokewa kofia kanisani. Alitazama uzio wa masale, watu wamejipanga, akamtazama mkewe chini pale na kichwa cha nguruwe pajani.

"Mimi," alisema. "Alikuwa anaondoka. Hakuna aliyetoka kwenye kihamba cha baba yangu kwa safari ya kutorudi bila kupewa mbege, na mbege haipewi mtu peke yake, unaanza mwenyewe ndipo umpe. Mama Violet alikuwa amekwenda maji. Nikachota kata moja. Nikanywa kidogo, nikampa. Ilikuwa ya moto moto, akaipenda."

"Kata moja ndiyo imemlaza hivi?"

"Aliomba nyingine."

"Aliombaje, mzee?"

"Alinitazama," Kornel alisema. "Nikaenda na ndoo."

Ruth ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa mkono, kicheko kikamtokea puani, na uzio mzima ukafuata. Watu walishikana mabega, mzee mmoja akalazimika kukaa chini. "Amekunywa na mke mwenza," walipokezana. "Meku amemuaga mke mwenza." Kornel alisimama katikati ya kicheko hicho, masikio yamemwiva, na hakuondoka. Theopista alimwangalia mumewe. Mwanaume huyu angeweza kunyamaza. Alicheka na yeye, machozi yanamtoka.

Efraimu alimnusa nguruwe mdomo, akageuza uso. Akapima joto, akapapasa tumbo, akaminya chuchu, na tone jeupe likatokea.

"Joto lake ni la kawaida," alisema. "Ila mzee, huyu ana mimba. Tena maziwa yameshafika. Leo hii haipiti bila kuzaa."

Kicheko kilikatika. Kornel aliinama akamtazama nguruwe.

"Kwa hiyo nimempa pombe mja mzito," alisema.

"Umempa," Efraimu alisema. "Mpeni maji, mtafutieni joto, na muombe Mungu."

Kuanzia hapo nyumba ile haikutulia tena. Wale waliokuwa nje ya uzio waliingia wote kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na amri ya kutoa. Violet alileta majani makavu ya migomba. Ruth alikimbia kwake akarudi na gunia na kibuyu cha maziwa. Theopista aliwasha moto karibu na banda ili apashe maji, lakini kuni zilikuwa na unyevu wa Julai, zikatoa moshi tu, na nguruwe alikuwa ameanza kuhema na kunyoosha miguu. Alipuliza mpaka macho yakamwasha. Mara akasikia panga likikata kitu kigumu huko shambani.

Kornel alirudi amebeba mbuni mkavu begani, na mizizi yake. Aliupasua vipande palepale, akaviweka motoni kimoja kimoja, bila kumtazama mtu. Kuni ile ilishika mara moja, ikawaka moto safi usio na moshi.

"Baba Violet," Theopista alisema.

"Ulishakauka," alisema. "Pasha maji."

Mtoto wa kwanza alitoka ukungu ukianza kurudi, mchana ukielekea jioni. Aliteleza kwenye majani, akapiga chafya, akaanza kupanda tumbo la mama yake akitafuta. Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka ng'ambo ya korongo. Wa pili, wa tatu. Kila aliyetoka wanawake walimwita kwa jina la nyumba iliyongoja. Theopista aliwapokea, akawafuta kwa kitambaa cha moto, akawapanga kwenye chuchu. Mama yao, nusu amelala nusu yuko macho, alikuwa mtulivu ajabu, na Ruth akasema huenda mbege ndiyo iliyomtuliza, na laiti wazazi wote wangeipata.

Mmoja alitoka baridi, mlegevu, hapumui. Theopista alimsugua, akamsugua tena. Julai ile nyingine ikamrudia yote, akasema hapana, hapana, kwa sauti. Kornel alimchukua mkononi mwake. Alimwingiza ndani ya koti lake la mikutano, kwenye mfuko ule ule wa matunda ya kahawa yaliyoanguka, akafunga vifungo, akachuchumaa karibu kabisa na moto. Alimpapasa kwa juu ya koti, midomo inacheza. Kama ilikuwa sala au matusi hakuna aliyejua. Kisha koti likalia. Sauti nyembamba, ya hasira, ilitoka kifuani kwa katibu mstaafu wa chama, na safari hii hakuna aliyecheka. Theopista alimshika mumewe bega.

Jumapili jumuiya ilikutana kwake kama ilivyopangwa. Mbege haikutosha na kila mtu alijua kwa nini. Sala ilikuwa fupi, na baada ya sala watu wote walihamia bandani. Kornel alikuwa ameamka kabla ya mkewe, na Theopista alimkuta jikoni anamenya ndizi, kazi ambayo hakuifanya hata siku ya harusi ya mdogo wake.

"Unapika nini?"

"Sipiki. Namenya tu. Mzazi hawezi kupewa maganda, mama Violet. Mzazi anapewa mtori."

Basi Theopista alipika mtori kama anavyopikiwa mwanamke aliyejifungua, akaziponda ndizi mpaka zikalainika, akatia maziwa, ila hakutia nyama. Alikuwa anapima joto kwa kidole aliposikia pikapu.

Primus alikuwa amesikia habari. Alikuja peke yake, amechangamka, akampa Kornel mkono.

"Shikamoo mzee. Nasikia hakuwa na homa. Mimi nakuchukulia mama na watoto wote, bei yako wewe useme, na dawa yako ya kahawa unapata kesho."

Kina Ruth waligeuka wote. Kornel alitazama shamba lake kwa muda. Matunda meusi yalikuwa yameongezeka chini ya mibuni, yeyote angeyaona.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mwenye nguruwe yuko jikoni."

Primus alicheka, akidhani ni mzaha, akaona hakuna mwingine anayecheka. Theopista alitoka akiwa ameshika sufuria kwa kanga, mvuke unapanda, na bandani watoto na mama yao wakaanza kelele. Alisimama mbele ya Primus, akamngoja kama alivyomngoja jana.

"Shikamoo, mama," Primus alisema.

"Marahaba, baba." Alimkabidhi sufuria. "Shika hapo. Ni ya moto, usimwage, nifungue banda."